KUKAMUA UMBO: JINSI MSTARI UNAVYOGEUKA GIMBA NDANI YA KOMPYUTA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika toleo hili nimepewa nafasi niwaletee somo dogo kutoka chumba cha kompyuta. Wapo wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili ni cha mashairi na insha pekee, na kwamba kikifika mlangoni pa kompyuta kinabisha hodi na kukosa wa kukiitikia. Mimi sitabishana nao. Nitafundisha tu, kisha msomaji aamue mwenyewe.

Somo letu ni kukamua umbo, yaani kuchukua mchoro bapa na kuupa kimo hadi uwe kitu. Na ili tusizungumze hewani, tutalitumia somo hili kujibu swali ambalo sisi wa kando ya Ziwa Viktoria hatuna budi kulijibu vizuri: mashua hii itabeba watu wangapi? Swali hilo si la mzaha. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 800 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimezidiwa, wakafa zaidi ya watu 200. Ziwa ni lile lile tunaloliona tukiwa Dunga. Basi tusikilizane.

Kukamua ni nini?

Shika dawa ya meno asubuhi. Mdomo wa mrija wake ni duara. Ukiuminya, dawa inatoka ndefu kama mjusi, na popote utakapoikata utakuta duara lile lile. Au nenda dukani ununue chevda, ile ambayo Kisumu hatuikosi. Zile nyuzi nyembamba za unga wa dengu zilizomo ndani yake zilisukumwa kupitia kibati chenye matundu. Tundu likiwa duara, uzi huwa duara. Tundu likiwa nyota, uzi huwa na pembe za nyota kutoka mwanzo hadi mwisho.

Huko ndiko kukamua. Tundu ni umbo bapa, nao uzi ni gimba. Kompyuta hufanya vivyo hivyo bila unga. Wewe unachora umbo juu ya bapa, unabonyeza kitufe (aghalabu kina picha ya umbo na mshale unaotoka ndani yake), unaiambia umbali, tuseme sentimita 50, na umbo linasafiri umbali huo likiacha mwili nyuma yake. Duara likikamuliwa huwa mche duara, kama mkebe wa maziwa. Mstatili ukikamuliwa huwa tofali. Pembetatu ikikamuliwa huwa kama paa la nyumba. Vitabu vya hisabati vya Kiswahili huyaita magimba ya namna hii miche, na kanuni yake tuliisoma zamani: ujazo wa mche ni eneo la kitako mara urefu. Kumbe kompyuta haikuleta kanuni mpya. Imeichukua ya darasani, ikaipa mikono.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka wa 1963 Mmarekani Ivan Sutherland, akiwa chuo cha MIT, alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad ambamo mtu alichora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka wa 1982 ikaja AutoCAD, ambayo ilikubali kompyuta ndogo za mezani. Leo ipo pia FreeCAD, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2002, na hiyo ni ya bure kabisa. Kwa hivyo asiwepo wa kusema ati somo hili ni la matajiri.

Mstari uliofunga na mstari ulio wazi

Hapa ndipo penye kiini, kwa hivyo soma polepole.

Mstari uliofunga ni ule unaorudi pale ulipoanzia, kama ua wa boma usio na mlango. Una ndani na nje. Ukiukamua, kompyuta inakupa gimba, kitu kilichojaa. Gimba lina ujazo. Ukiiambia kompyuta limetengenezwa kwa chuma au mbao, itakuambia na uzito wake.

Mstari ulio wazi hauna ndani wala nje. Herufi C iko wazi, herufi O imefunga. Ukiukamua mstari ulio wazi, unapata uso tu, kitu kama karatasi iliyokunjwa. Uso una eneo lakini hauna unene, hauna ujazo, hauna uzito. Kwenye kioo unaonekana mzuri, unang'aa, unaweza hata kuuzungusha, lakini ukiuuliza una kilo ngapi, utanyamaza.

Tazama bati la kuezekea. Ukilichungulia kutoka ubavuni, utaona mstari wa mawimbi usiofunga. Ukiukamua mstari huo mita tatu, unapata uso wa bati. Lakini bati la kweli lina unene, hata kama ni mdogo kuliko milimita moja. Basi uso huo lazima upewe unene ndipo uwe gimba. Ukuta nao ni vivyo hivyo. Huko Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe yaliyopangwa bila saruji, ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Ukilichora kwa mstari mmoja ulioacha pengo la mlango kisha ukaukamua kwenda juu, utapata pazia tu, si ukuta. Ukuta wa Thimlich ni mnene wa mita moja na zaidi, kwa hivyo uchore mistari miwili, wa ndani na wa nje, uifunge kwenye mlango, ndipo ukamue.

Tahadhari nyingine: mistari inaweza kuonekana imefunga kumbe imeacha pengo dogo kuliko unywele. Jicho halilioni, kompyuta inaliona. Ikiwa programu imekupa uso wakati ulitaka gimba, au imekataa kabisa, usiilaumu mashine. Kuza picha kwenye kila kona ulitafute pengo.

Hori la mita sita

Sasa tuingie majini. Tuanze na chombo rahisi kuliko vyote, kisicho na pua wala mkia, kama hori la kunyweshea ng'ombe. Ukilikata katikati, utaona umbo la trapeza. Chini upana ni sentimita 60, juu sentimita 120, na kina ni sentimita 50. Urefu wa hori ni mita 6.

Kwanza, chora bila mstari wa juu: kitako na mbavu mbili tu. Mstari uko wazi. Kila ubavu, kwa kanuni ya Pythagoras, una urefu wa sentimita 58 hivi. Jumla ya mstari ni sentimita 177 hivi. Ukamue mita 6, unapata uso wa mita za mraba 10.6. Ongeza vipande viwili vya kuziba mbele na nyuma, kila kimoja mita za mraba 0.45, jumla inakuwa 11.5. Uso huu una faida kubwa! Unakuambia mbao za kununua. Fundi akienda kwa muuza mbao bila kuijua nambari hii, ama atanunua kidogo arudi tena, ama atanunua nyingi zioze uani.

Pili, ongeza mstari wa juu umbo lifunge. Eneo lake ni wastani wa pande mbili mara kina: (0.6 + 1.2) ÷ 2 × 0.5, yaani mita za mraba 0.45. Likamue mita 6, unapata gimba la mita za ujazo 2.7. Gimba hili si mbao. Ni nafasi ambayo hori linaweza kuinyang'anya ziwa. Archimedes alitufundisha kwamba kitu kikielea huyasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa ina kilo 1000 hivi. Kwa hivyo hori likizama hadi mdomoni, linabeba kilo 2700 pamoja na uzito wake lenyewe.

Tuseme hori lenyewe na mbao zake zilizolowa lina kilo 300, na injini, mafuta na nyavu ni kilo 200. Zinabaki kilo 2200. Ukigawa kwa kilo 70 za mtu mmoja, unapata watu 31. Haya, pakia watu 31! La, hasha. Hapo ukingo uko sawa na maji, na wimbi la kwanza litaingia bila hodi.

Ndiyo maana tunakamua umbo la tatu: sehemu iliyo chini ya maji tu. Tuache sentimita 20 za ukingo juu ya maji, maji yafike sentimita 30. Hapo upana ni sentimita 96. Eneo ni (0.6 + 0.96) ÷ 2 × 0.3, yaani mita za mraba 0.234. Mara mita 6, ujazo ni 1.404, sawa na kilo 1404. Ondoa zile 500, zinabaki 904. Hao ni watu 12.

Umeona, msomaji? Chombo ni kile kile. Kwa mstari mmoja tulioushusha kutoka mdomoni hadi kwenye alama ya maji, abiria wamepungua kutoka 31 hadi 12. Mstari huo ndio unaowarudisha watu nyumbani.

Fundi wa ufuoni

Nilikichapisha kile kielelezo cha hori nikakipeleka ufuoni kwa mzee mmoja anayeunda mashua za uvuvi. Nilimkuta akipigilia misumari.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Nzuri, mwanangu. Umeniletea barua?"

Nikampa karatasi. Akaigeuza huku na huku, kisha akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Hii si mashua, kijana. Hii ni hori. Haina pua. Utakata maji na nini?"

Nikamweleza kwamba hori ni mwanzo tu wa hesabu, na kwamba nambari imesema watu 12. Akatikisa kichwa.

"Mashua yangu ya urefu huu sipakii watu 12. Napakia tisa. Hii pua unayoiona inakula nafasi."

Nikamwuliza ameijuaje tisa. Akasema, "Kwa macho, na kwa miaka."

Nilirudi shuleni nikiwa na hamu ya kujua kama kompyuta itakubaliana na macho ya mzee. Nikabakisha mita 4 za trapeza ile ile upande wa tezi. Mita 2 za mbele, upande wa omo, nikaufanya upana upungue kidogo kidogo hadi uwe makali ya kisu, kina kikibaki vile vile. Sehemu ya nyuma, chini ya alama ya maji, ni 0.234 mara 4, yaani 0.936. Sehemu ya mbele, kwa kuwa upana unapungua sawasawa hadi sufuri, ni nusu ya mche: 0.234 mara 2, gawa kwa 2, yaani 0.234. Jumla ni mita za ujazo 1.17, au kilo 1170. Ondoa 500, zinabaki 670. Gawa kwa 70.

Watu tisa.

Ama kweli, ukubwa wa pua ya mashua ni watu watatu! Mwenye kuiamini nambari ya hori angewapakia wale watatu na kuwalia ukingo wa usalama. Mzee hakuhitaji kompyuta kulijua jambo hilo. Lakini akistaafu, macho yake hayawezi kurithiwa na mtu, ilhali mchoro unaweza.

Pale kukamua kunapokoma

Tumefika kwenye mpaka wa somo. Kukamua kunafaa kitu ambacho, ukikikata popote, unapata umbo lile lile: bomba, reli, bati, tofali, fremu ya dirisha. Mashua ya kweli haiko hivyo. Mbele ni nyembamba, katikati ni pana, nyuma ni kitu kingine.

Dawa yake ni kuchora maumbo kadhaa, kila moja mahali pake, kama mataruma ya chombo kutoka omo hadi tezi, kisha kuiambia kompyuta iyaunganishe kwa ngozi moja laini. Mimi huita njia hiyo kuunga mataruma. Nayo hufuata sheria ile ile: mataruma yakiwa yamefunga unapata gimba, yakiwa wazi unapata uso.

Mji wetu unaijua kazi hii kwa zaidi ya karne moja. Meli ndogo ya SS William Mackinnon iliundwa Scotland mwaka wa 1890, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa, na kutoka hapo ikasafirishwa bara. Ilielea Kisumu mwaka wa 1900, kabla hata reli haijafika mwaka wa 1901. Fikiria, vipande vimekaa miaka kumi njiani na ghalani, na bado ilibidi kila kimoja kishikane na mwenzake. Enzi hizo wajenzi wa meli walichora mbavu kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu ya dari pana, wakapitisha ufito unaonyumbulika kutoka ubavu hadi ubavu, wakatazama kama mstari unapita bila kibyongo. Kompyuta leo inafanya kazi ya sakafu ile.

Na katika siku zetu, hapa hapa bandarini, Kenya Shipyards Limited ikishirikiana na kampuni ya Damen ya Uholanzi imeunda MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100 hivi, iliyozinduliwa mwaka wa 2023. Meli ya mizigo ya namna hiyo hukusanya njia zote mbili. Sehemu kubwa ya katikati inakaribia kuwa mche, ubavu mmoja ukifanana na wa pili. Omo na tezi ndizo zinazohitaji mataruma mengi.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, kabla hujabonyeza kitufe, jiulize unataka jibu gani. Ukitaka bei ya mbao au rangi, uso unatosha. Ukitaka uzito au ujazo, lazima uwe na gimba.

Pili, umbo dogo lililofunga ndani ya umbo kubwa lililofunga huwa tundu. Duara ndani ya duara, ukikamua, ni bomba.

Tatu, mistari isikatane kama nambari 8. Kompyuta haitajua upi ni upande wa ndani, na programu nyingi hukataa.

Nne, vipimo viandikwe juu ya mchoro. Programu nyingi zitakuruhusu ubadilishe upana mmoja tu, na gimba zima litajipanga upya.

Tano, na hili nalisisitiza: ujazo unakuambia chombo kitaelea, haukuambii kwamba hakitapinduka. Mizigo ikiwekwa juu sana, au abiria wakisimama wote upande mmoja, hata tisa ni wengi. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe, zisikaliwe.

Zoezi

1. Kati ya herufi C, O, S na D, zikichorwa kwa mstari mmoja, zipi zitakupa gimba zikikamuliwa?

2. Bomba lina kipenyo cha nje cha sentimita 10 na cha ndani cha sentimita 8. Urefu ni mita 3. Tafuta ujazo wa plastiki yake ukitumia 3.142.

3. Hori lina upana wa chini wa sentimita 80, wa juu sentimita 140, kina sentimita 60 na urefu mita 5. Ukiacha sentimita 20 juu ya maji, litabeba kilo ngapi pamoja na uzito wake?

Majibu: (1) O na D. (2) Sentimita za ujazo 8483 hivi. (3) Kilo 2000.

Nakunja jamvi hapa. Wahenga walinena kwamba tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mstari ukichorwa Kisumu au Uholanzi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, marejeo yake ni swali moja: umefunga, au uko wazi? Anayetaka kujaribu kwa mikono yake aje chumba cha kompyuta Jumatano baada ya michezo. Aje na rula, na kabla ya hapo apite ufuoni apime mashua moja ya kweli.

Kwaherini, tukutane toleo lijalo.